Ngawira ya Baharini: Haramia, Kibali na Brashi ya Mchoraji

Ngawira ya baharini ni chombo au shehena iliyotekwa kutoka kwa adui kwa idhini ya mtawala, kisha mahakama ikathibitisha kwamba ilitekwa kihalali. Ondoa idhini, ondoa mahakama, kinachobaki ni uharamia. Vitendo ni vile vile: mizinga inalia, watu wanarukia sitaha ya wenzao na panga mkononi, mali inahamishwa. Kinachotofautisha ni karatasi.

Katika Ulaya ya karne ya 15 hadi ya 18, karatasi hiyo ilikuwa kibali alichopewa mwenye merikebu binafsi na mfalme au serikali yake. Kilimruhusu kushambulia vyombo vya taifa lililotajwa, si vingine. Akirudi bandarini hakutakiwa kuuza chochote mpaka waamuzi wa mambo ya bahari wakague hati za chombo kilichotekwa na kusikiliza mashahidi. Wakiridhika, mali iligawanywa: fungu la dola, fungu la waliogharimia safari, na mwishoni la mabaharia, ambao ndio waliokufa wengi na kupata kidogo.

Wareno waliutumia mtindo wa karatasi kwa ukali zaidi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 16 waliwalazimisha wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, wakiwemo wa pwani yetu, kununua pasi iliyoitwa cartaz. Jahazi lisilo na pasi hiyo liliweza kutekwa, hata kama nahodha na wazee wake walikuwa wakifuata kaskazi na kusi kabla Vasco da Gama hajazaliwa. Ndiyo maana ni vigumu kuwahurumia sana Wareno walipoanza wao wenyewe kulia kwamba wameibiwa.

Kilio hicho kilitokana na kesi inayoeleza dhana hii kuliko nyingine yoyote. Tarehe 25 Februari 1603, karibu na ilipo Singapore ya leo, Mholanzi Jacob van Heemskerck, akisaidiwa na watu wa Johor, usultani wa jirani, aliiteka merikebu kubwa ya Kireno, Santa Catarina, iliyosheheni hariri na kaure za China. Mnada wake Amsterdam uliingiza zaidi ya gulden (sarafu ya Kiholanzi) milioni 3. Tatizo ni kwamba kibali cha Heemskerck kilimruhusu kutumia nguvu kujilinda na kudai fidia tu, na hakikumtuma kwenda kuwinda. Baadhi ya wanahisa wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki waliokuwa wa dhehebu la Wamenoni, ambao imani yao inakataza vita, hawakutaka kuigusa faida ile. Hata hivyo mahakama ya Amsterdam iliamua, tarehe 9 Septemba 1604, kwamba ni ngawira halali.

Kampuni hiyo haikuridhika na hukumu peke yake, ilitaka hoja. Ikamwendea wakili kijana aitwaye Hugo Grotius, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, akaiandikia utetezi mrefu. Sura moja ilichapishwa mwaka 1609 kwa jina Mare Liberum, yaani Bahari Huru. Maandishi kamili hayakugunduliwa hadi 1864. Wanasheria hadi leo huitaja sura ile kama moja ya misingi ya sheria ya bahari, na mara nyingi husahau kwamba iliandikwa ili kampuni isirudishe mali.

Uchoraji unaingia hapa kwa mlango usiotarajiwa. Kaure za China, nyeupe zenye nakshi za buluu, zilikuwa zimeanza kuonekana kwa wingi kwenye minada ya Uholanzi baada ya merikebu za Kireno kutekwa, na watu wenye pesa wakazipenda. Baadaye wachoraji kama Willem Kalf walizipanga kwenye meza za rangi za mafuta, pamoja na ndimu iliyomenywa nusu na bilauri ya mvinyo. Wakati wa Kalf nyingi zilikuwa zikija kwa biashara ya kawaida, lakini hamu yenyewe ilikuwa imechochewa na ngawira. Kwenye picha hizo huoni mzinga wala damu. Unaona mwanga tu ukiteleza juu ya bakuli. Pwani ya Afrika Mashariki bakuli za China zilifika kwa biashara, zikapachikwa kwenye makaburi na mihirabu.

Waliochora merikebu zenyewe walikuwa na kazi nyingine: kuonyesha nani ana haki. Hendrick Vroom wa Haarlem, aliyefariki mwaka 1640, ndiye aliyeifanya bahari kuwa somo la kujitegemea katika uchoraji wa Uholanzi. Kisa chake kimesimuliwa na Karel van Mander katika kitabu cha maisha ya wachoraji kilichotoka 1604. Vroom alikuwa safarini kwenda Hispania kuuza picha za dini alipovunjikiwa na meli pwani ya Ureno. Watawa wa pale wangeweza kuwadhania manusura kuwa maharamia wa Kiingereza, lakini picha zake zilielea hadi ufukweni. Walipoona sura takatifu wakajua hawa ni Wakristo, wakawaokoa. Hakuwa na pasi wala kibali. Picha zilimtolea ushahidi.

Katika picha za mapigano ya baharini, bendera ndiyo hufanya kazi ya hati. Cornelis, mwana wa Vroom, alichora mwaka 1615 manowari za Hispania zikipigana na maharamia wa Afrika Kaskazini. Mtazamaji wa Ulaya alizitazama bendera, akajua mara moja amshangilie nani. Lakini wapiganaji wa Algiers na Tunis nao walisafiri kwa idhini ya watawala wao na kugawana mateka kwa utaratibu unaojulikana. Kwao ilikuwa vita halali. Jan Janszoon, mzaliwa wa Haarlem kama Vroom, alianza kama Mholanzi mwenye kibali, akatekwa mwaka 1618, akasilimu, na kwa jina la Murat Reis akawa amiri wa mabaharia wa Salé nchini Morocco. Ni mtu yule yule na kazi ile ile, ila bendera imebadilika, na jina analoitwa likabadilika nayo.

Piet Hein naye alisherehekewa kwa picha na kuzikwa kishujaa Delft baada ya kuziteka merikebu za fedha za Hispania kwenye ghuba ya Matanzas, Cuba, mwaka 1628. Aliuawa mwaka uliofuata akipigana na watekaji wa Dunkirk, watu wenye vibali vya Hispania ambao Waholanzi waliwaita maharamia bila kusita.

Kuna mara nyingine picha yenyewe ndiyo iliyotekwa. Angelo Tani, mwakilishi wa benki ya Medici mjini Bruges, alimwagiza Hans Memling amchoree Siku ya Hukumu kwenye mbao, yenye mabawa mawili yanayofunguka, kwa ajili ya Florence. Katikati malaika Mikaeli anapima roho za watu kwenye mizani. Aprili 1473, wakati miji ya Hansa, muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, ikipigana na Uingereza, Paul Beneke wa Danzig aliiteka meli iliyoibeba. Meli ilipeperusha bendera ya Burgundy, dola iliyotawala Bruges wakati huo, ambayo haikuwa vitani; hoja ya watekaji ilikuwa kwamba ilikuwa ikielekea Uingereza. Watu wa Medici walishtaki kwa miaka mingi, hata Papa Sixtus IV akaingilia kati. Danzig haikutikisika. Wenye meli ya Beneke waliitoa picha kwa kanisa la Mtakatifu Maria, na sijui kama walipoitundika walilitazama vizuri somo lake.

Askari wa Napoleon waliichukua mwaka 1807 kwenda Paris, ikarudi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilipelekwa Leningrad, ikarudi tena mwaka 1956. Sasa iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Gdańsk, jina la leo la Danzig, na kanisani imebaki nakala. Florence haijawahi kufika.