Moshi wa majenereta ya umeme: yanayosemwa na yalivyo

"Kebo ipo, majenereta ya nini tena?" Unguja inapata umeme wa Bara kwa kebo ya baharini tangu 1980. Mei 2008 ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010. Baada ya hapo ndipo yakafungwa majenereta ya dizeli kwenye kituo cha Mtoni, Unguja, yawe akiba. Pemba, nayo, ilitegemea majenereta ya dizeli ya kituo cha Wesha mpaka kebo ya kutoka Tanga ilipofika 2010.

"Moshi hauonekani, basi hewa safi." Hili ndilo linalopotosha zaidi. Moshi mweusi ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Oksidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu, ni jambo jingine: joto ndani ya silinda huwa kali hadi nitrojeni na oksijeni za hewa yenyewe zikaungana. Kibaya zaidi, injini ikichoma kwa joto kali zaidi masizi hupungua lakini oksidi hizo huzidi, kwa hiyo bomba linaloonekana safi huenda ndilo linalozitoa kwa wingi. Salfa ndiyo kabisa haimhusu fundi. Inakuja na mafuta, na iliyomo kwenye dizeli itatokea kwenye bomba hata injini irekebishwe vipi.

"Saa mbili tatu za jioni hazidhuru." Kwa hesabu ya mwaka, kweli ni kidogo. Lakini injini huchafua zaidi inapowashwa ikiwa baridi, na inapoendeshwa kwa mzigo mdogo. Na mtambo wa kuongezea nguvu huhitajiwa wakati wa magharibi, taa na mafeni yanapowashwa kila nyumba, watu wako barazani. Mapafu hayapigi hesabu ya mwaka.

"Lita moja itatoa moshi gani!" Lita ya dizeli haifiki kilo moja, ila hutoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, kwa kuwa kaboni yake hubeba oksijeni ya hewani.

"Bora kijenereta changu mwenyewe." Hapana. Kwa kila yuniti ya umeme hula mafuta mengi zaidi, na bomba lake liko usawa wa magoti, wakati la kituo hutupa moshi juu upepo ukauchukue. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe upepo wenyewe ni wa kubahatisha. Ukikiweka ukumbini ili kisiibiwe, kitajaza humo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Waliolala ndani hawatashtuka.