Je, wajua kwa nini mtu wa Kigoma anaweza kukisoma Kiesperanto kabla hajakielewa?

Juzi pale Kibirizi, dagaa wakiwa wameanikwa, nilimwandikia mpwa wangu sentensi moja kwenye kipande cha karatasi: "La fiŝisto estas heroo." Nikamwambia ile s yenye kikofia aisome kama sh ya shamba, mengine ayasome yalivyo. Hajawahi kukisikia Kiesperanto. Akasoma sawasawa, isipokuwa neno moja.

"Mjomba, maana yake nini?"

"Mvuvi ni shujaa."

Kiesperanto ni lugha ya kuundwa. Daktari wa macho, L. L. Zamenhof, alitoa kitabu chake cha kwanza mjini Warsaw mwaka 1887. Herufi ni 28, kila moja ina sauti yake, na hakuna herufi bubu. Irabu ni zilezile tano za darasa la kwanza: a, e, i, o, u. Mkazo nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, daima.

Hapo ndipo tulipo nyumbani. Ki-GO-ma, Ta-BO-ra, Ka-SU-lu. Tena neno likirefuka mkazo unahama nalo: SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Kwa Zamenhof, FI-ŝo ni samaki, fi-ŜIS-to ni mvuvi. Kiswahili hakikuwamo katika kazi yake, maana maneno aliyachota hasa katika lugha za Ulaya. Lakini Kipolandi, kilichosemwa Warsaw alikoishi, huweka mkazo hapohapo kwa kawaida.

Kinachonifurahisha zaidi ni heroo. Mgeni huvuta zile o mbili zikawa moja ndefu. Mpwa wangu alizitenganisha bila kuambiwa, he-RO-o, kwa sababu tangu utotoni anasema shu-JA-a na da-GA-a. Kila irabu ni silabi.

Kusema kweli, kwenye mkazo Kiesperanto kinashika kanuni kuliko sisi. Sisi tuna ba-ra-BA-ra ya magari, na ba-RA-ba-ra yenye maana ya sawasawa. Kule hakuna jozi kama hiyo. Hata mshairi akikata o ya mwisho, akaandika esper' badala ya espero, yaani tumaini, mkazo unabaki palepale kwenye pe.

Sasa lile neno lililomshinda. Estas ni "ni", na yeye alisema "estasi". Ulimi wetu hauridhiki neno likiishia kwa konsonanti, ndiyo maana basi na benki zilipewa i. Lakini i hiyo inaongeza silabi, na silabi ikiongezeka mkazo unakimbia: ES-tas inageuka e-STA-si. Anayejifunza aanzie hapa, kwa sababu vitenzi vyote vya wakati uliopo huishia kwa -as. Azoee kufunga neno kwenye s na kunyamaza.

Baadaye akataka kuandika majina ya kwetu. Kigoma ikabaki Kigoma, kwa kuwa g ni ya gari siku zote. Tabora haikuguswa. Ujiji ndiyo iliyogoma, kwani j ya Kiesperanto husomwa y, na mji wa bibi yake ukawa U-YI-yi. Akacheka mpaka wanika dagaa wakageuka. Nikamwonyesha g yenye kikofia, ambayo ndiyo j yetu, naye akaandika polepole: Uĝiĝi.