Usianze na mkutano mkubwa, anza na mlango wa jirani

Mtaa ukipata shida, mtaro umeziba au taa za barabarani hazijawaka mwezi wa tatu sasa, kitu cha kwanza watu wanachofikiria ni kuitisha mkutano. Tangazo linarushwa kwenye grupu la WhatsApp, watu 80 wanajibu tuko pamoja, siku ikifika wanakuja 9, na kati ya hao 9 wengi ni walewale wa kila siku. Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya wakazi, vikao vya namna hii nimekaa vingi tu, na karibu kila mara mwenyekiti anainuka kwa uchungu anasema watu wa mtaa huu hawajali. Hapo huwa nakataa. Watu wanajali, tena sana, ila hakuna aliyewaendea.

Na kuwaendea ndo kazi yenyewe. Marekani kulikuwa na bwana mmoja, Fred Ross, aliyekuwa hodari wa mambo haya, yeye mkutano wa hadhara aliuacha mpaka mwisho. Anamuomba mtu mmoja aite majirani wachache sebuleni kwake, wanaongea, na kabla hawajatawanyika anatafuta nani kati yao atafungua nyumba yake kwa kikao kinachofuata. Mwaka 1952 huko San Jose, California, alifika nyumbani kwa kijana mmoja, Cesar Chavez, ambaye mwanzoni hakumuamini hata kidogo, na ndo huyohuyo kijana ambaye 1962 alianzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani pamoja na Dolores Huerta na wenzao, kwa kutumia vikao vya majumbani vilevile.

Sasa ukipiga hodi usianze na hotuba. Sema wewe ni nani, unakaa nyumba ipi, alafu uliza swali moja tu, hapa mtaani kitu gani kinakusumbua zaidi? Alafu nyamaza. Nyamaza kweli, hata kama kimya kinakukera. Mama anaweza kuanza kwa kukwambia hana la kusema, baada ya dakika tatu anakuonyesha dirisha, pale ndo anasimama kila jioni kumsubiri mwanae apite ile kona ya giza, haondoki mpaka amuone ametokeza upande wa pili. Hapo umeshajua taa inayotakiwa ni ipi, saa ya hatari ni ipi, na nani atakuwa tayari kwenda ofisini kuidai maana inamuuma yeye mwenyewe. Usiondoke bila kumuomba kitu kidogo, aje na jirani mmoja, au ahesabu nguzo ambazo hazina taa. Mtu akishafanya kitu kimoja hicho kikundi ni chake. Ukifika nyumbani andika kwenye daftari alichosema na alichokubali kufanya, na hilo daftari lisizunguke ovyo, watu wamekuamini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Karachi, Pakistan. Kuna eneo kubwa linaitwa Orangi, watu walijenga wenyewe bila mpango wa serikali, na maji taka yalikuwa yanapita wazi vichochoroni. Mwaka 1980 mzee Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi pale. Hawakuita Orangi nzima uwanjani, walishika kichochoro kimoja kimoja, nyumba kama 20 mpaka 40, wakazi wanachagua mtu wao, huyo anakusanya michango na kupeleka maombi ya kichochoro, wataalamu wa mradi wanakuja kupima na kuchora, alafu kazi ya kulaza mabomba inasimamiwa na wakazi wenyewe na hela yao inabaki mikononi mwao. Gharama ilishuka sana kwa sababu mkandarasi na watu wa katikati hawakuwepo. Ukiniuliza kwa nini nyumba chache hivyo, mimi naona ni kwa sababu hapo kila mtu anamjua aliyetoa na ambaye hajatoa, na aliyechaguliwa hana pa kujificha, anakutana nao asubuhi kila siku.

Ila msije mkasoma hapo kwamba serikali ipumzike. Orangi waligawana kazi: choo cha nyumbani na bomba la kichochoro ni la wakazi, bomba kubwa la kuyatoa maji eneo zima na mtambo wa kuyasafisha ni la serikali, na walilidai. Nyie pia jueni mnachodai kipo meza ya nani. Usalama sio ajenda, taa ya kona ile ni ajenda, na kuna ofisa anayehusika nayo. Pelekeni barua yenye saini za wakazi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, bila hiyo mtaambiwa barua haikufika.

Na muda jamani. Porto Alegre, Brazil, kuanzia 1989 wakazi walikuwa wanakaa kwenye mikutano ya maeneo yao na kuamua sehemu ya bajeti ya jiji iende wapi, walikuwa wanakaa kabla bajeti haijapitishwa. Kwingine nafasi inaweza kuwa finyu kuliko hiyo lakini kalenda ya bajeti ipo kila mahali, ulizeni inaanza kuandikwa lini, maana barua nzuri ikifika mwezi mmoja baada ya kupitishwa inaweza kukaa mwaka mzima.

Hela ya kikundi, hata ikiwa ndogo, ishikwe na mmoja na daftari lishikwe na mwingine, na hesabu isomwe kwa sauti kila kikao. Nimeona vikundi vizuri vinakufa kwa hela ya kuchapisha karatasi tu, wala hakuna aliyeiba, ni vile hesabu yake haikusomwa.

Kikundi kikianza kuonekana, wagombea watakuja, kuna atakayetaka kulipia viti, kuna atakayetaka kufungua kikao. Mkaribisheni akae kama wengine asikilize kwanza, na akitoa ahadi iandikwe palepale yeye akiwepo, na tarehe yake, alafu kikao kinachofuata isomwe pamoja na hesabu.