Mapaja hayajanenepa, bibi

"Daktari, mwanangu, nimelima viazi Isyonje miaka arobaini. Mazoezi gani tena?"

Bibi huyo alikuja Juni, amejitanda vitenge viwili juu ya sweta, si mnaijua baridi ya Mbeya. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila hilo nimeshaacha kulibishia. Nikamwomba ainuke kitini bila kushikilia. Akashindwa.

Jembe lilimjenga, sikatai. Lakini tangu ahamie kwa mwanawe Uyole halishiki tena, na misuli haiwekwi akiba. Ukishapita miaka 30 hupungua asilimia 3 hadi 8 kila muongo, na baada ya 60 kasi huzidi.

Nikampa zoezi moja tu: kukaa na kuinuka, mara nane, apumzike, arudie. Siku tatu kwa wiki, na asibane pumzi maana presha hupanda. Wiki ya nne akainuka mwenyewe, akajipiga paja: "Yamenenepa!"

Nikapima kwa futi kamba. Wapi!

Kilichobadilika kwanza ni ubongo na neva. Ili uinuke, ubongo hupeleka amri kupitia uti wa mgongo hadi kwenye nyuzi za misuli. Asiyezoea mzigo huziamsha baadhi tu, nyingine zinasinzia. Kadiri anavyorudia, ubongo hujifunza kuziita nyingi zaidi kwa pamoja. Kunenepa huja baadaye, tena polepole. Mwaka 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwanyanyulisha uzito wazee wa miaka 86 hadi 96 kwa wiki 8. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya paja, kama asilimia 9 tu. Vijana wa jimu wanaojitazama kwenye kioo kila jioni wanapima kitu kinachochelewa kuliko nguvu yenyewe.

Faida nyingine haionekani kwenye kioo wala kwenye futi: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini, homoni inayoshusha sukari, haifanyi kazi vizuri, na mfupa unaobebeshwa mzigo hujiimarisha.

Shida ya zoezi moja ni kwamba mwili hulizoea, nao ukishazoea haujifunzi tena. Kwa hiyo sasa bibi anainuka akiwa amekumbatia mfuko wa viazi wa kilo 3. Nilipomwambia hata mchanga unafaa, akakataa katakata. Viazi, na viwe vya Isyonje.