Kwa nini chenga za TV zinatisha kuliko zimwi lenyewe?

Kuna filamu ya kutisha ya Kanada inaitwa Skinamarink. Iligharimu kiasi cha dola 15,000 na ilipigwa kwa siku saba hivi, ndani ya nyumba aliyokulia mwongozaji wake, Kyle Edward Ball, mjini Edmonton. Ilioneshwa mara ya kwanza Julai 2022 kwenye tamasha la Fantasia, Montréal, na ilipoingia kumbi za sinema Januari 2023 ikakusanya zaidi ya dola milioni 2. Hadithi yake ni fupi: mwaka 1995, watoto wawili, Kevin wa miaka 4 na dada yake Kaylee wa miaka 6, wanaamka usiku na kukuta baba hayupo, kisha milango na madirisha ya nyumba vinaanza kutoweka.

Zimwi hulioni. Kwa muda wa saa moja na nusu na ushee unaangalia dari, kona ya ukuta, zulia lenye vitofali vya kuchezea, mwanga wa TV ukicheza ukutani. Juu ya vyote hivyo kuna chenga. Mliokua na TV ya chogo mnazijua: stesheni ikishafunga usiku, kioo kizima kinajaa vidoa vyeupe na vyeusi vinavyochemka, na sauti ya shshsh isiyokoma. Watoto wa ving'amuzi hawajazikuta. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo mawimbi yakikatika kinachokuja ni maandishi tu.

Nilipoiangalia filamu hii mara ya kwanza nilikuwa na mdogo wangu wa kike, usiku, taa zimezimwa. Akaniuliza mbona picha mbovu hivi. Nikamjibu kwa uhakika kabisa: hela hawakuwa nayo, wamerekodi kwa kamera ya zamani ya mkanda, hiyo ndiyo picha waliyoweza kuipata. Baada ya dakika kadhaa akanishika mkono. "Kaka, pale mlangoni kuna mtu." Nikatazama. Kweli, alikuwapo, amesimama, kichwa kimeinama kidogo. Nikasimamisha picha ili tumwone vizuri. Hakuna kitu. Mlango mweusi na vidoa vilivyotulia kama punje za mchanga. Nikaiachia iendelee, na yule mtu akarudi.

Jambo hilo lilinifanya nitafute ilivyotengenezwa, na nikakuta jibu nililompa mdogo wangu halikuwa sahihi. Filamu ilipigwa kwa Sony FX6, kamera ya kidijitali ya sinema iliyotangazwa mwishoni mwa 2020, inayouzwa kwa maelfu ya dola na inayosifika hasa kwa kuona vizuri gizani. Mkanda haukuhusika hata kidogo. Sehemu kubwa ya chenga ziliwekwa baadaye, wakati wa kuhariri, zikatandazwa juu ya picha kama mtu anavyonyunyiza unga wa ngano mezani kabla ya kusukuma chapati. Sauti nayo ilichafuliwa vivyo hivyo kwa makusudi, hadi watoto wakinong'ona maneno mengine inabidi yaandikwe chini ya picha.

Nadhani najua kosa langu lilitoka wapi, na naona wengi wanalo. The Blair Witch Project, filamu ya kutisha ya 1999 yenye hadithi ya wanafunzi watatu wanaopotea porini Maryland mwaka 1994, ilirekodiwa kweli kwa kamera ndogo ya video ya kushika mkononi pamoja na nyingine ya filamu ya milimita 16, na waigizaji wenyewe ndio waliozibeba. Pale ubovu wa picha ulitoka kwenye vifaa. Ilipigwa kwa siku nane na ikaja kuingiza karibu dola milioni 250 duniani. Tangu hapo tukazoea kwamba picha chafu ni alama ya mfuko mtupu. Lakini leo mambo yamegeuka. Simu ya kawaida inapiga picha safi kuliko ile kamera ya 1999, kwa hiyo anayetaka picha chafu lazima akae chini na kuifanyia kazi. Usafi ndio wa bure. Uchafu una gharama, walau ya saa nyingi mbele ya kompyuta.

Umaskini wa filamu hii upo kwingine. Upo kwenye nyumba ya wazazi iliyogeuzwa jukwaa. Upo kwenye katuni zinazochezwa kwenye ile TV, ambazo ni za miaka ya 1930 na hazilipiwi haki. Chenga tusiziweke kwenye orodha hiyo.

Sasa, zinafanya nini?

Fikiria mlinzi wa usiku. Akisikia jani limekwaruza ukuta, ana makosa mawili ya kuchagua. Akipiga kelele za mwizi kumbe ni paka, nyumba nzima inaamka, watu wananuna, wanarudi kulala. Akinyamaza akidhani ni paka kumbe ni mwizi, asubuhi hakuna redio wala jiko la gesi. Mlinzi mwenye akili atapiga kelele kwa paka mara 50 kuliko kunyamazia mwizi mara moja. Sehemu ya ubongo inayotafuta nyuso inafanya kazi kwa hesabu hiyohiyo. Ukiipa ushahidi hafifu, inaona mtu kwanza, inasahihisha baadaye. Ndiyo maana khanga iliyotundikwa nyuma ya mlango ilikuwa na mabega ulipokuwa mdogo. Wataalamu wanaiita pareidolia: kuona sura pasipo na sura.

Lakini khanga haikutishi usiku kucha. Ukiikazia macho, ubongo unakusanya ushahidi, unafunga kesi, unalala. Giza tupu nalo linafungwa upesi, maana halina ushahidi wowote. Chenga zinakaa katikati, na zaidi ya hapo zinabadilika. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na kila picha ina vidoa vyake, vimepangika upya. Ni kama kumpelekea hakimu mafaili mapya 24 kila sekunde, yote ya kesi moja: je, pale mlangoni kuna mtu? Katika faili hili vidoa viwili vimekaa kama macho. Katika linalofuata vimehama, lakini kuna mstari kama bega. Hukumu haitoki. Nilipoisimamisha picha, nilimpa hakimu faili moja tu, akalisoma na kusema hakuna kitu. Ndiyo maana yule mtu aliondoka, na ndiyo maana alirudi.

Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha jaribio linalokaribia sana hili. Waliwaonesha watu picha za chenga tupu, wakawaambia kwamba nusu yake zina nyuso. Nyuso hazikuwamo, lakini washiriki walisema wameziona katika asilimia 34 ya picha, na eneo la ubongo linalojulikana kwa kushughulikia nyuso lilichangamka. Miaka minne kabla, Giovanni Caputo wa Urbino, Italia, aliwaketisha watu 50 mbele ya kioo kwenye mwanga hafifu kwa dakika 10. Karibu nusu walisema waliona viumbe wa ajabu au wa kutisha mahali palipokuwa na sura yao wenyewe.

Hapa inabidi niende taratibu. Jaribio la Toronto lilipima kuona. Hofu halikuigusa, na picha zake zilikuwa zimetulia. Washiriki pia walikuwa wameambiwa watarajie nyuso. Kuliunganisha na sinema ni hatua yangu mwenyewe, ingawa naona daraja lipo: aliyekata tiketi ya filamu ya kutisha naye ameshaambiwa kwamba kuna kitu. Na si kila mtu anatishika. Wapo walioitazama Skinamarink wakaona dari tu, wakachoka, wakaondoka.

Utoto na zamani vinaingia hapa. Ball alikuwa na chaneli ya YouTube, Bitesized Nightmares, ambako watu walimwandikia ndoto zao mbaya naye akazigeuza filamu fupi. Ndoto moja ilirudi tena na tena: mimi ni mtoto, niko nyumbani, wazazi hawapo, kuna kitu kinachonitishia. Kwa hiyo kamera yake inakaa chini, kimo cha mtoto, na sura za Kevin na Kaylee karibu hazionekani. Mtoto wa miaka 4 hana namna ya kufunga kesi. Hawezi kuwasha taa asiyoifikia wala kumwita mtu ambaye hayupo. Chenga nazo zinampa mtazamaji aliyekua wakati wa deki na mikanda hisia kwamba picha hii imetoka kwenye kabati la kwao. Mtengeneza filamu mwenye elfu chache za dola anavipata vyote viwili kwa pamoja, na mwaka 1995 unamwondolea pia simu ya mkononi, ambayo ingemaliza hadithi mapema.

Kama utaitafuta, usiiangalie kwenye simu kwa ubora wa chini ili kuokoa bando. Video ya mtandaoni hubanwa kwa kukisia picha inayofuata kutokana na iliyotangulia, na chenga hazikisiki kwa kuwa hazina mpangilio. Programu ikizidiwa inazifuta na kuacha vipande vya mraba vya kijivu vilivyoganda. Nilijaribu mwenyewe wiki iliyofuata, ndani ya daladala, kipande kilekile cha mlango. Niliona mlango, na miraba.