Maji ya Nyanda za Juu Kusini Hayafuati Mipaka ya Wilaya

Kila kiangazi kinapokolea na maji kupungua miferejini, malalamiko huongezeka katika ofisi zinazosimamia rasilimali za maji, na mengi yana chanzo kimoja: mlalamikaji anauhesabu mto unaopita shambani kwake kuwa ni mali ya kijiji chake au, akijitahidi sana, ya wilaya yake. Ni vyema wananchi wakaelewa kwamba katika ukanda wetu mteremko wa ardhi ndio uliopanga nani apate maji, nani ayasubiri na nani ayasimamie, na kwamba sheria imeufuata mpango huo badala ya kuubuni.

Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, pamoja na milima ya Uporoto na safu ya Kipengere, huzuia upepo wenye unyevu unaopanda kutoka Ziwa Nyasa. Kwa sababu hiyo Tukuyu na Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na huko ndiko iliko migomba, chai na kakao, wakati bonde la Usangu, lililo nyuma ya milima hiyohiyo, hupata takriban theluthi moja ya kiasi hicho. Mkulima wa mpunga wa Rujewa au Igurusi, huko Usangu, kwa hiyo, hulima kwa maji ambayo kwa sehemu kubwa yalinyesha milimani na si juu ya shamba lake.

Milima hiyo pia inayagawa maji katika pande tatu. Yanayoteremka kusini huingia Ziwa Nyasa na hatimaye kufika Mto Zambezi. Yanayoteremka kaskazini hupita Usangu, huungana na Ruaha Mkuu na kuishia Rufiji. Yanayoelekea magharibi huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Mkoa wa Mbeya, kwa maneno mengine, unaangukia katika mabonde ya maji matatu, yaani maeneo ambayo maji yake huteremkia upande mmoja, kati ya tisa ya Tanzania Bara. Kuna hata mito miwili inayoitwa Songwe, mmoja ukienda Rukwa na mwingine ukipita mpakani mwa Malawi kuelekea Nyasa, na waombaji wa vibali huichanganya mara kwa mara bila sababu ya msingi, kwani ramani zipo.

Historia ya ukanda huu nayo imeandikwa na maji. Mkwawa aliimarisha ngome yake Kalenga kando ya Ruaha Mdogo, mpaka Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894. Usangu, tambarare inayopokea mito mingi kutoka milimani, iligombewa na Wasangu, chini ya watawala wao akina Merere, na Wahehe wa Mkwawa kwa ajili ya malisho na mifugo. Baadaye wakaja Wabaluchi, wanaotajwa kuwa waanzilishi wa mpunga wa umwagiliaji huko, kisha mashamba makubwa ya Serikali na wafugaji kutoka kanda nyingine. Wote walivutwa na jambo lilelile.

Upo mwamba mahali paitwapo Ng'iriama, kwenye lango la kutokea maji la ardhioevu ya Ihefu, huko Usangu, ambao hufanya kazi ya kizingiti. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, Ruaha Mkuu husimama kutiririka kwa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hata kama Ihefu yenyewe bado ina maji, na hali hiyo imekuwa ikijirudia wakati wa kiangazi tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Mto ukiendelea kuteremka, kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu, na mbele zaidi Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Maelezo kwamba "mvua tu ndiyo imepungua" hayatoshelezi, kwa kuwa mifereji inayoachwa wazi mchana na usiku baada ya mavuno inaonekana kwa macho na haihitaji utaalamu kuitambua.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, maji yote ni ya umma na yako chini ya Rais kama mdhamini. Kuchota maji ya kunywa, kupikia na kufulia hakuhitaji kibali. Kuchepusha mto, kumwagilia shamba la biashara, kuendesha kiwanda au kujenga bwawa kunahitaji. Mwombaji hujaza fomu ya Bodi ya Maji ya bonde husika, akitaja chanzo, mahali, kiasi na matumizi. Wataalamu hufika eneo la chanzo na kupima. Tangazo hutolewa ili wenye pingamizi waliwasilishe. Ndipo Bodi huamua. Kibali huwa na masharti na ada ya kila mwaka, hakimpi mtu umiliki wa mto, na wakati wa ukame Bodi inaweza kupunguza kiasi kilichoidhinishwa. Kisima kirefu kina kibali chake cha uchimbaji, na kutiririsha majitaka kuna kingine. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, jambo ambalo tumelieleza mara nyingi.

Kuhusu vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kwenye unyevu kando ya mito, tunatambua kwamba vimelisha kaya za Iringa na Njombe wakati wa kiangazi kwa vizazi vingi. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa shughuli inayoweza kuathiri uhifadhi wake, na hoja kwamba babu alilima hapohapo haibadilishi kipimo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Anayenufaika na mfereji wa pamoja anashauriwa kujiunga na Jumuiya ya Watumiaji Maji ya eneo lake, kwani zamu za maji hupangwa huko na migogoro mingi humalizwa kabla ya kufika kwenye Bodi.

Maombi ya bonde la Rufiji hushughulikiwa na ofisi iliyoko Iringa, ya Ziwa Rukwa Mbeya, na ya Ziwa Nyasa Tukuyu. Mkazi wa Mbarali, ingawa wilaya yake iko Mkoa wa Mbeya, anahudumiwa na Bodi ya Rufiji, kwa kuwa Usangu iko wilayani humo na maji yake huishia Rufiji.