Je, wajua kwa nini chakula kizuri cha bei nafuu Mwanza huisha kabla ya saa tisa mchana?

Mama lishe wengi wa Mwanza hawana friji. Walichonunua alfajiri sharti kiishe siku hiyohiyo, kisipoisha ni hasara. Hivyo hupika kwa kukadiria wateja, na kwa mpishi anayejua kazi yake, ikifika saa nane masufuria yamekaribia kukauka. Anayetafuta mlo mzuri wa bei ndogo aanzie hapo. Kibao cha rangi na viti vya kisasa havimwambii lolote. Aangalie chakula kinatoka kwa kasi gani. Kinachotoka haraka hakipati muda wa kuharibika, na faida ndogo ya kila sahani hufidiwa na wingi wa sahani.

Fika kati ya saa sita na saa saba na nusu. Kaa wanapokula makuli wa soko la samaki la Kirumba Mwaloni, mafundi gereji na wachuuzi wa mtaa wa Makoroboi. Watu hawa hula palepale kila siku na hela yao ni ya kuhesabu, kwa hiyo mpishi akiwapunja leo, kesho wamehamia banda la jirani. Stendi za Nyegezi na Nyamhongolo zina mambo yake: banda la mbele huuzia abiria ambaye pengine hatarudi tena. Zunguka nyuma, uliza makonda wanakula wapi.

Bei nayo hufuata Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta, kisha wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa na dagaa wabichi huadimika. Basi kula dagaa siku ambazo mbalamwezi haiwaki. Mwezi ukiwa mpevu, agiza maharage, kwani mpishi asiyepandisha bei ya dagaa siku hizo hupunguza kipimo. Wale wakavu hupatikana mwezi mzima, lakini watazame vizuri. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na tumbo lake ni zima. Aliyegeuka manjano na kupasuka tumbo alichelewa kukauka, jambo la kawaida msimu wa mvua, na mafuta yake yameanza kuchacha. Uchungu huo hauondoki hata ukimzidishia nyanya. Mchanga mdomoni maana yake alianikwa chini na hakuoshwa vya kutosha. Wa kwenye vichanja huwa safi zaidi, na hata hao wanahitaji kuoshwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu.

Kwa sangara, jua kwanza mnyama huyu anagawanywaje. Viwanda vya Mwanza huchukua minofu kwa ajili ya soko la nje, Ulaya hasa. Zaidi ya nusu ya uzito wa samaki hubaki: kichwa, mifupa, mkia na nyama iliyoshikamana navyo. Hayo ndiyo mapanki, na ndiyo maana sahani yake ni rahisi. (Bondo, kile kifuko cha hewa cha sangara, halifiki kabisa kwa mama lishe, huuzwa ghali kuliko nyama yenyewe.) Mapanki yana utamu wake, hasa nyama ya mashavuni, ila yamekatwa kila upande na huharibika upesi kuliko samaki mzima. Uyale kwenye banda lenye wateja wengi, na yawe yamekaangwa leo. Kama hela inatosha kupanda ngazi moja, kichwa cha sangara cha supu ndiyo thamani kubwa kuliko zote jijini: nyama ipo, mafuta yapo, na mchuzi unatosha kulia ugali wote.

Sato huuzwa kwa ukubwa, kwa hiyo ulizia kabla hajawekwa kwenye sahani. Mnyooshee kidole yule unayemtaka, useme, “Mama, huyu bei gani na ugali wake?” Usipouliza, utaletewa mkubwa na bili yake. Halafu uliza kama kuna chukuchuku, yaani samaki aliyechemshwa na nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili bila mafuta. Chukuchuku haina pa kuficha kitu: samaki aliyelala hunuka na kumomonyoka kwenye mchuzi, ilhali aliyekaangwa sana hufichwa na ukavu wake. Mpishi anayethubutu kuuza chukuchuku kila siku ana samaki wa leo. Ukipendelea wa kukaanga, chungulia karai. Mafuta meusi, yenye povu lisilotulia na moshi kabla samaki hajaingia, yamechoka. Huacha uchungu kooni na kiungulia jioni.

Wali ndio wa kuchunga kuliko vyote. Ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria aitwaye Bacillus cereus huzaliana humo na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo baada ya saa tisa, wali usiotoa mvuke uache, chukua ugali unaosongwa ukiuona. Kilo moja ya unga hutoa sahani nne hadi tano za mtu wa kazi, na mpishi husonga mwingine bila shida. Kachumbari nayo iwe imekatwa muda si mrefu. Ile iliyoshinda kwenye beseni tangu asubuhi ina hatari kuliko mchuzi unaochemka. Maji ya jagi yasiyojulikana yamechemshwa au la, yapite.

Njaa kubwa na mfuko mdogo? Omba wali nusu na ugali nusu kwenye sahani moja, au maharage na mchuzi wa samaki juu yake. Wapishi wengi hukubali bila kuongeza bei, na mchuzi wa nyongeza hutolewa bure mapema, kabla sufuria haijapungua. Asubuhi, ukiona michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemshwa na karanga, chukua: inashibisha hadi mchana.

Usiku mabanda mengi hufunga, wanabaki wauza samaki wa kukaanga wa kando ya barabara. Wengi hukaanga mapema na kumrudisha samaki kwenye karai mteja akifika, ndiyo maana huwa mkavu. Mwombe akukaangie mbichi mbele yako, subiri dakika kumi na tano.